Familia ya Porini Kwenye Ukuta wa Posta

Pale karakana ya picha hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Watu, na si kwa sababu alikuwa na watoto wengi. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyekwisha kuolewa na kuhamia kwake. Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora watu.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, nyuma ya duka la vioo, na kazi ndani yake ilikwenda kwa kupokezana. Turubai ilianzia kwa Mawingu, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi kuliko brashi zake, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka mbingu na milima ya mbali. Ikikauka, ilihamia kwa fundi wa miti, bubu wa hiari, aliyepaka majani, nyasi na kibanda. Wote wawili walijua kuacha pengo jeupe katikati, kwa kuwa rangi ikipandana juu ya rangi, watu hutokea wameumuka kama mkate. Pengo hilo ndilo lililokuwa shamba la Mama Watu.

"Mama Watu!" Mawingu alikuwa akipaza sauti kila asubuhi. "Mbingu nishaumba, nchi kavu tayari, bado binadamu tu. Unatuchelewesha kupumzika!"

"Ungeumba na mvua kidogo, baba, tukapata ubaridi humu ndani."

"Mvua mteja hataki. Mteja anataka jua likizama na watu wakitabasamu."

Kweli ndivyo mteja alivyotaka. Picha iliyotoka sana ilikuwa moja, na waliiita Familia ya Porini. Kibanda chini ya miti mikubwa. Moto katikati ya mafiga matatu, sufuria juu yake. Baba anatokeza vichakani na mzigo wa kuni begani. Mama ameinama motoni, na mbele yake amesimama mtoto mdogo wa kike. Mama amemnyooshea mkono mmoja kifuani, kama anayemwambia, ishia hapo hapo. Hakuna nyumba nyingine, hakuna jirani, ni pori tupu mpaka kwenye milima ya Mawingu. Hoteli ziliinunua, madaktari wa meno waliitundika pale wagonjwa wanaposubiri. Mzee Fremu, mwenye karakana, alisema picha ile inampumzisha mtu; akiitazama anasahau foleni.

Kuwachora wale watu hakukumpa Mama Watu taabu. Alikuwa na vipande vya boksi gumu alivyovikata maumbo yao, na pale kazini waliviita vivuli. Anakiweka kivuli kwenye lile pengo, anakizungushia mkaa, anakiondoa, anajaza rangi. Kivuli cha baba kilikuwa kimechakaa, cha mtoto kimekatika sikio. Cha mama alikuwa amekikata upya mara tatu, na kila mara alilaza cha zamani juu ya boksi jipya akafuata ukingo wake. Hakuwahi kumchora yule mama upya kwa kumfikiria. Angeweza kumchora amefumba macho, na pengine ndivyo alivyokuwa akifanya.

Maana yule alikuwa mama yake mzazi. Na yule mtoto alikuwa mdogo wake.

Pori lile halikuwa la kubuni. Mama Watu alikulia humo. Baba yao aliajiriwa na wapimaji waliokwenda kuchimba na kutafuta maji, wakachimba miezi minane, wakapata vumbi, wakaondoka. Waliacha mtambo wao wa kuchimbia, dude la chuma refu kuliko kibanda, wakamwambia baba yao aulinde mpaka warudi. Hawakurudi. Baba aliulinda miaka sita. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku, na kisima cha maji kilikuwa mbali kiasi kwamba mama akitoka na ndoo, uji aliouacha unawahi kupoa kabisa kabla hajaonekana tena njiani.

Mara ya kwanza alipochora picha ya familia yao pale karakanani aliuchora na ule mtambo. Mzee Fremu aliitazama, akakuna kidevu.

"Hili dubwana ni nini?"

"Mtambo, mzee. Ndio uliotupeleka kule."

"Liondoe. Pori halina chuma."

Akaliondoa. Na ukishaondoa kitu kimoja kwenye picha, mkono unakuwa mwepesi kuondoa cha pili.

Cha pili kilikuwa yeye mwenyewe. Familia yao ilikuwa ya watu wanne, lakini pichani walikuwa watatu. Miaka kumi na minane aliipaka picha ile na hakuna aliyemuuliza, mpaka siku moja Mawingu, akila karanga huku amekaa juu ya kopo la rangi, alisema tu ili kupitisha muda:

"Mama Watu, si ulituambia wewe ndiye mkubwa kwa huyo mtoto?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona wewe humo haumo? Ulikuwa umetumwa dukani?"

Fundi wa miti alicheka, yeye asiyecheka. Mama Watu naye alicheka, akageukia ukuta kusafisha brashi iliyokuwa safi.

Alikuwa wapi? Alikuwa na miaka tisa, na alikuwa nyuma ya jiwe.

Siku ile mama yao alikwenda kisimani. Kabla ya kuondoka alimshika mkono mtoto wa miaka miwili na nusu, akauweka ndani ya mkono wa mkubwa. "Huyu nakuachia. Usimwachie." Baba alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Moto ulikuwa umebaki makaa. Na nyuma ya kibanda kulikuwa na jiwe pana, jeupe, lililolala kama ukurasa, ambalo yule mkubwa alichora juu yake kwa mkaa kila alipopata mwanya. Siku ile alikuwa ameanza swala, na miguu ya swala ilimkatalia. Alisema atakwenda arekebishe mguu mmoja tu. Aliporekebisha wa kwanza, wa pili nao ukawa mfupi.

Aliisikia sauti ya mdogo wake ikiita. Hilo ndilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mumewe mpaka alipokufa. Aliisikia ikiita, si kulia bado, inaita tu jinsi watoto wanavyoita, naye akasema moyoni, naja. Akamaliza ukwato. Ndipo sauti ikabadilika.

Mama aliisikia akiwa njiani, akatupa ndoo, akakimbia, na ndiye aliyefika kwanza. Ndiye aliyeutoa mkono wa mtoto kwenye makaa.

Jioni baba aliporudi, hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na mzigo wake wa kuni akauliza, "Nani alikuwa na mtoto?" Mkubwa alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono yake myeusi kwa mkaa. Alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, mama, bila hata kumtazama, alisema, "Mimi. Nilikuwa hapo hapo karibu naye."

Basi ikawa hivyo. Walihama pori wiki ile ile kutafuta tiba, mtambo wakauachia wenyewe. Mkono wa kushoto wa mtoto ulipona na vidole vitatu vimeshikana kuwa kimoja. Baba hakumsamehe mama hadi kaburini, na mama hakuwahi kulirudia jambo lile, wala kwa neno wala kwa jicho. Mkubwa alingoja siku ya kuulizwa tena. Haikuja. Alikua, akaolewa, akazaa, na binti yake alifika miaka kumi na miwili hajui jiko linawashwaje, kwa jinsi mama yake alivyomfukuza jikoni. Majirani walisema anamdekeza.

Mdogo wake alisoma, kwa mkono mmoja na nusu, akaajiriwa posta. Waliokuwa wakienda pale walimjua kama dada wa dirisha la tatu: anaibana barua kwa kiwiko cha kushoto, anagonga muhuri kwa mkono wa kulia, ga, ga, na hakuna dirisha lililokwenda mbio kama lake. Alikuwa mtu wa mzaha na wateja. Lakini kwa mama alikuwa amekata mguu. Miaka sita sasa.

Chanzo kilikuwa swali. Siku moja, mtu mzima tayari, alimuuliza mama ana kwa ana: "Mama, niambie tu. Siku ile ulikuwa mbali kiasi gani?" Na mama, aliyeisema habari ile mara moja na hakutaka kuigeuza, alijibu, "Nilikuwepo, mwanangu. Karibu. Ni kosa langu."

Kwa hilo neno karibu ndipo alipoondoka. Alimwambia dada yake baadaye, kwenye simu: "Angekuwa mbali ningeelewa. Mtu anakwenda zake kutafuta maji, linatokea la kutokea. Lakini karibu! Nyoosha mkono tu, dada! Nyoosha mkono!" Na dada mtu alishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Pole, mdogo wangu."

Mama aliishi kwa Mama Watu, vyumba viwili vya chini kwenye jengo la ghorofa tatu. Ngazi zilipita mbele ya mlango wao, na bibi yule, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, aliwajua majirani wote kwa hatua. "Huyo fundi saa." "Huyo yule mwenye viatu vikubwa kuliko miguu." Hatua ngeni ikipita, aliacha alilokuwa akifanya na kunyanyua uso.

"Siye mdogo wako?"

"Siye, mama."

"Haya."

Akarudi kwenye dengu zake, anazichambua kwa vidole.

Sasa, mambo yaliharibika kwa sababu ya heshima aliyotaka kumpa mama yake. Mkuu wa posta alitaka picha kubwa kwa ajili ya ukumbi, ukuta ule unaotazamana na madirisha, ili wanaosubiri wapate cha kutazama wakigeuka. Mzee Fremu alimpa Familia ya Porini, lakini kubwa, urefu wa watu wawili. Vivuli vya kawaida havikutosha, na Mama Watu ilibidi amkate mama upya, mkubwa karibu sawa na mtu. Akamfanya vizuri kuliko siku zote. Alimpa uso wake halisi. Mkono ule wa kumzuia mtoto aliupaka kwa siku mbili nzima, kila kidole. Alidhani anamfanyia mama yake hisani: kwamba angalau ukutani, angalau mbele ya watu, mama awepo pale, awahi, amzuie mtoto asiungue.

Picha ilipelekwa. Siku nne baadaye, saa sita mchana, mdogo wake aliingia karakanani.

Hakuwa amewahi kufika pale. Alisimama kati ya turubai zilizolowa, mkoba begani, bado na kitambulisho cha kazi shingoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Ile picha ya pale kwetu umeichora wewe."

"Tumechora sote hapa."

"Mimi nimechora anga tu," alisema Mawingu, "lawama za ardhini simo." Akaona nyuso zao, akachukua karanga zake akatoka nje. Fundi wa miti alimfuata.

Mdogo mtu alikaa juu ya lile kopo. Alikuwa akiongea polepole, jambo lisilo la kawaida yake.

"Unajua, mwaka huu wote nilikuwa nikifikiria kwenda kwa mama. Nina kitu kimoja tu ninachokumbuka siku ile. Naita. Naita na hakuna mtu. Nikaanza kujiambia, labda mama hakuwepo. Labda anasema alikuwepo kwa sababu ya uzee tu, au kwa kiburi. Kwamba kumbukumbu yangu ndiyo kweli. Nikasema nitakwenda. Nilikuwa nimeshapanga siku." Akageuza mkoba mapajani. "Halafu wanatundika picha, nanyanyua uso kwenye dirisha langu, namwona mama. Sura ni yake yeye. Na yuko hapa, na mimi hapa. Mkono unafika. Wewe ulikuwa na miaka tisa, dada, wewe unakumbuka. Ndivyo ilivyokuwa?"

Mama Watu alikuwa na brashi mkononi. Pembeni yake kwenye meza kilikuwapo kivuli cha mama, kikubwa, kimelala kifudifudi.

Hapa ndipo alipopaswa kusema. Hakuwa tena na miaka tisa. Hapakuwa na baba mlangoni. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na mtu pekee aliyekuwa mbele yake alikuwa yule aliyemwita miaka ile yote iliyopita na yeye akamaliza ukwato. Na alichokiona, akimtazama usoni, ni kwamba akisema atampoteza. Na huyu ndiye aliyebaki kumpigia simu Jumapili na kumchekesha.

"Karibu hivyo," alisema.

"Alikuwa hapo."

"Ndiyo."

Mdogo wake aliinuka, akafuta vumbi la karanga kwenye sketi. "Basi nashukuru. Umeniondolea safari."

Alipoondoka, Mama Watu aliketi sakafuni. Kimya kile cha kwanza kilikuwa cha mtoto, na kwa miaka yote alikuwa amejitetea kwa hilo: nilikuwa mtoto. Uongo huu wa leo ungetetewa na nani?

Wiki ile kazi haikwenda. Alipaka nyuso tano, zote zikatoka zimekunja ndita, na Mzee Fremu akauliza kama hiyo familia imefiwa. Nyumbani hakuweza kukaa chumba kimoja na mama yake. Bibi yule alimsikiliza akizunguka, akauliza, "Unatafuta nini tangu juzi?" Akasema, sindano. Siku ya nne hatua ngeni zilipita ngazini, nyepesi, za mwanamke mwenye haraka. Mama alinyanyua uso, akauweka hivyo, dengu zikimtoka vidoleni, mpaka zile hatua zilipofika ghorofa ya juu na mlango ukafungwa huko.

"Siye," alisema mama mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Watu alichukua rangi, makopo mawili, brashi na kitambaa, akaenda posta badala ya kazini.

Mkuu wa posta alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. "Kosa?" aliuliza. "Kosa gani? Mimi naiona safi."

"Mtu yuko mahali pasipo pake, mama mkuu."

"Basi mhamishe. Lakini sakafu yangu usiichafue, na saa kumi nafunga."

Akapewa ngazi. Akaipanda, mgongo kwa watu, akijua dirisha la tatu liko nyuma yake moja kwa moja. Muhuri ulikuwa ukigonga, ga, ga, ga. Ukapunguza mwendo kidogo, kisha ukaendelea.

Alianza kwa mkono. Ule mkono wa siku mbili aliufunika kwa rangi ya majani makavu kwa dakika tatu. Kisha bega, kisha uso. Rangi ya pale karakanani hukauka upesi, hivyo hakukuwa na kurudi nyuma. Na kweli watu huumuka: hata baada ya kumfunika, ukitazama kwa upande ungemwona mama wa zamani amevimba chini ya nyasi mpya. Nyuma yake foleni ilikuwa imepata burudani.

"Jamani, anamfuta mama wa watu!"

"Hamfuti, anamhamisha. Mwone, anamchora kule juu njiani."

"Amebeba nini?"

"Ndoo."

"Eti mama, samahani," alisema mwanamke mmoja aliyekumbatia kifurushi kilichofungwa kamba. "Ukimpeleka mama kule, huyu mtoto hapa motoni anabaki na nani?"

Mama Watu alisogeza kopo karibu. Alichovya brashi.

"Ataungua huyo! Mrudishe mama, tafadhali. Mimi siwezi kusimama hapa natazama mtoto peke yake na moto."

"Mama wewe, ni picha," mzee mmoja alimwambia.

"Picha ndiyo, lakini nani ana moyo huo?"

Alishuka vidato viwili, akaihamisha ngazi upande wa kibanda, akapanda tena. Hakuwa na kivuli cha mtu huyu. Hakuwahi kumkatia. Aliweka jiwe kwanza, jeupe, nyuma ya kibanda, kisha akamchora kwa mkono mtupu msichana wa miaka tisa aliyechuchumaa, mgongo umeupa moto, kichwa kimeinama.

"Haya, kaja mwingine. Huyo nani?"

"Dada yake," alisema Mama Watu. Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi wa posta una mwangwi.

"Mbona kageuka huko? Anafanya nini?"

"Anachora."

"Anachora! Badala ya kumwangalia mtoto?"

"Ndiyo. Aliachiwa mtoto, akaenda kuchora."

"Huyo angekuwa wangu," alisema mzee wa foleni, "angechora vizuri akiwa amesimama, maana kukaa asingeweza." Watu wakacheka.

Muhuri ulikuwa umenyamaza.

Aligeuka. Mdogo wake alikuwa ametoka nyuma ya dirisha, amesimama chini ya ngazi, anatazama. Si kumtazama yeye. Alitazama picha, kutoka motoni hadi kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe hadi kule juu njiani, kama anayepima kwa hatua.

"Dada, shuka."

Alishuka.

"Nilikuja nikakuuliza."

"Ulikuja."

"Ukasema ndiyo, alikuwa hapo."

"Nilisema uongo."

"Mama alikuwa wapi?"

"Kisimani. Mkono wako aliuweka kwenye mkono wangu akaniambia nisiuachie. Baba alipouliza nani alikuwa na mtoto, mama alijibu kabla yangu. Mimi sikumtuma. Lakini nilinyamaza, na nimenyamaza mpaka leo." Akaweka kopo chini. "Na ulipoita, nilikusikia. Kumbukumbu yako ni ya kweli. Uliita, na mimi nilikusikia."

Mwanamke wa kifurushi alikuwa ameziba mdomo.

Mdogo wake hakulia wala hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Kwa hiyo miaka sita nimemnunia mtu aliyekuwa kisimani." Kisha, "Yuko nyumbani sasa hivi?"

"Yupo."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Wewe maliza kazi yako. Usinifuate."

Aliingia ndani, akatoka na mkoba, akaweka kibao cha IMEFUNGWA kwenye dirisha la tatu na kupita katikati ya watu.

"Dada! Na barua yangu je?" mtu aliita.

"Nenda la pili," alijibu bila kugeuka.

Mama Watu alimaliza. Hakujua jambo jingine la kufanya. Alimpa mama wa kule njiani miguu inayokimbia, akaosha brashi chooni, akaifuta sakafu mara mbili. Alirudi nyumbani karibu na saa kumi na moja. Mlango ulikuwa umerudishwa bila kufungwa, na sauti zilikuwa ndani. Hakuingia. Alikaa kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, makopo ya rangi mapajani.

"... baba yenu siku zile alikuwa na mkono mzito," mama alikuwa akisema. "Angemvunja dada yako. Nikasema, moja limeshatokea leo, la pili silitaki. Alikuwa mtoto, mwanangu."

"Sawa, alikuwa mtoto. Na mimi nilikuwa nini?"

Fundi saa alishuka ngazi, akamsalimia Mama Watu, akapita.

"Na wewe ulikuwa mtoto," alisema mama.

"Ungeniambia nilipokua. Nilikuuliza, mama. Ulinitazama machoni ukasema karibu."

"Ningekuambia, ungebaki na nani? Mimi nakwenda. Baba yako ameshakwenda. Nilitaka ubaki na dada yako. Mama ukimkasirikia, si kitu. Mama hufa hata hivyo. Dada ni wa kuzeeka naye."

Mama Watu aliyainamia makopo. Hakuwahi kujua hilo. Alikuwa amedhani miaka yote kwamba mama alimwokoa na kipigo cha jioni moja. Kumbe mama aliendelea kulipa hata baada ya baba kufa, kila siku, ili yeye abaki na mtu, na leo asubuhi amepanda ngazi akakifuta alichokuwa amenunuliwa. Lakini hata alipojiuliza kama alikosea kusema, alimsikia mdogo wake mle ndani akipenga kamasi, na mama akimwambia, "Lete huo mkono niushike," na akajua hakukosea.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya jengo la pili mdogo wake alipotoka. Alimkuta pale pale kwenye kidato. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama akitafuta njia ya kumpita.

"Nitakuja Jumamosi," alisema. "Kila Jumamosi, saa tisa mpaka kumi na moja. Wewe uwe na pa kwenda."

"Sawa."

"Sisemi milele. Lakini sijui."

"Sawa, mdogo wangu."

Alipoingia, mama alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile, uso umevimba kwa kulia na umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri.

"Umefanya nini wewe?" alimuuliza, si kwa hasira.

"Nimesema, mama."

"Nilikuwa nimeshakubebea."

"Najua. Ndiyo maana."

Mama alinyoosha mkono hewani mpaka akampata, akampapasa kichwa jinsi mtu anavyopapasa kitu kilichoanguka kuona kama kimevunjika. Hakumwambia kuwa amefanya vyema, wala vibaya.

Tangu hapo, Jumamosi inapofika saa nane na nusu, Mama Watu huweka chai kwenye chupa, vikombe viwili, huvaa viatu na kutoka. Mama hunung'unika. "Leo tena? Kaa, mtazoeana." Naye hujibu, "Hataki, mama. Ana haki." Huzunguka mitaa, hutazama vioo vya maduka. Mvua ikinyesha husimama chini ya paa la duka la viatu lililo ng'ambo ya barabara, ambako dirisha lao la chini linaonekana, na kwenye dirisha vichwa viwili, kimoja cheupe, vimeinamia sinia la dengu.

Jumamosi moja muuza viatu, baada ya kumwona pale wiki tatu mfululizo, alitoka na kigoda.

"Kaa, mama. Unamsubiri mtu?"

"Hapana, baba," alisema. "Nasubiri saa kumi na moja."